Kaka anajaza salfa shambani kwa mjomba, macho mekundu na kifua kinabana usiku: maziwa yanasaidia kweli?

Swali lenyewe nalifupisha hivi. Dada mmoja wa Tandahimba anasema mdogo wake wa kiume, miaka 22, msimu huu anafanya kazi kwenye mashamba ya mjomba wao, wanapulizia salfa (ule unga wa manjano wa kukinga ugonjwa wa ubwiri unga) kwenye mikorosho, wapo raundi ya tatu sasa. Mashine habebi yeye, kazi yake ni kujaza salfa tu, mwenzie ndo anapuliza. Akirudi macho mekundu kama pilipili, anayafikicha mpaka yanavimba, alaf usiku kifua kinabana na kukohoa kavu. Mjomba kila jioni anampa pakiti ya maziwa eti yanatoa vumbi kifuani. Nyumbani kuna mtoto wa dada wa miaka mitatu na yeye kaanza kikohozi. Dada anauliza: maziwa yanasaidia? Aache kazi? Na mjomba utamwambiaje, maana ndo mjomba.

Dada yangu, nianze na maziwa niyamalize. Hayasaidii. Maziwa yanashuka kwenye koo la chakula yanaenda tumboni, vumbi limeingia kwenye koo la hewa limeenda kwenye mapafu, hizo ni njia mbili tofauti na hazikutani huko chini. Mimi nimefanya kazi ya usalama kazini huku Kusini zaidi ya miaka 15, bandarini, kwenye maghala, kwenye kubangua korosho, na hii imani ya maziwa nimeikuta kila sehemu, kwa wachomeleaji, kwa wapaka rangi, kwa wabeba saruji. Ubaya wake si maziwa yenyewe, maziwa ni chakula kizuri tu, anywe. Ubaya wake ni kwamba bosi akishatoa pakiti anaona kashamaliza wajibu wake, na kijana akishakunywa anaona kashajikinga. Basi hapo hakuna anayefikiria tena habari ya vumbi.

Sasa kitu kilichonishtua kwenye maelezo yako ni hayo maneno "kujaza tu". Watu wengi mnadhani anayebeba mashine mgongoni ndo anakula salfa nyingi, kumbe mara nyingi ni kinyume chake. Mpulizaji unga unatoka kwenye bomba unaenda juu kwenye mti, mbali na uso wake, akijua kusoma upepo anaweza kutoka shambani uso wake umechafuka kidogo tu. Mjazaji je? Yeye ndo anafungua mfuko, anainama juu yake, anavunja mabonge kwa mkono, anamimina kwenye tangi, na kila akimimina hewa iliyokuwa ndani ya tangi inatoka na unga wake inampiga usoni, puani, kifuani. Fanya hesabu kidogo: ushauri uliozoeleka ni kama robo kilo kwa mti mkubwa kwa raundi, kwa iyo mfuko wa kilo 25 ni miti 100. Shamba la miti mia nne ni mifuko minne, kilo 100 za unga laini zimepita mbele ya pua yake, asubuhi moja. Alaf mnasema kapewa kazi nyepesi.

Salfa yenyewe si sumu kali ya kumeza kama baadhi ya dawa za maji, hilo nikutoe hofu. Ni kiwashi. Inawasha macho, ngozi hasa penye jasho (shingoni, makwapani, kwenye mapaja), na inawasha njia ya hewa. Mtu mwenye kifua kizima anakohoa siku mbili tatu anatulia. Mtu mwenye pumu, hata ile ya utotoni ambayo mlishaisahau, kwake ni habari nyingine kabisa. Na hapo kuna swali nataka ukamuulize mama, sio yeye, maana vijana hawasemi: huyu mtoto alipokuwa mdogo alikuwa anakoroma kifua, anapiga miluzi akipumua, kapelekwa hospitali usiku? Kikohozi kavu na kubanwa usiku au alfajiri ni tabia ya pumu hiyo. Kama jibu ni ndiyo, mimi sina maneno mengi, kujaza salfa si kazi yake, mjomba amtafutie kazi nyingine shambani, kupalilia, kuokota msimu ukifika, chochote kisicho na huo unga.

Kama hana historia hiyo, mpime kwa daftari. Tena wiki mbili tu zinatosha. Kila siku aandike amefanya kazi au amepumzika, na usiku kifua kilikuaje. Siku akipumzika, au wakisubiri raundi inayofuata, kifua kikifunguka, alaf kazi ikianza kinabana tena, basi tatizo ni kazi na si mafua wala baridi ya asubuhi. Daftari hilo aende nalo kwa daktari, atamfurahisha sana, coz swali la kwanza la daktari anayejua magonjwa ya kazi ni hilohilo: ukipumzika unapata nafuu?

Macho. Hapa kuna makosa mengi sana na naomba usome taratibu. Salfa haiyeyuki kwenye maji, ukimwaga maji juu ya unga wake utaona unaelea tu kama pilipili manga juu ya mchuzi. Kwa iyo kulowesha jicho kwa kiganja mara mbili alaf kupangusa na fulana haifanyi kitu, na hiyo fulana yenyewe imejaa unga. Jicho linataka maji YANAYOTIRIRIKA, mengi, yaliyo safi, dakika 15 nzima, kichwa kimeinamishwa upande ili maji yasiingie jicho la pili, kope zimefunguliwa kwa vidole safi. Mwingine ashike dumu amwagilie kidogokidogo. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, jaribu kuhesabu.

Na najua huko juu kwenye uwanda, Newala na Tandahimba, maji ndo shida yenyewe, ndoo mnanunua, mtu akusikie unamwaga maji machoni robo saa anakuona umechanganyikiwa. Kwa iyo lazima yatengwe kabla. Dumu la lita 20 lililooshwa vizuri, lisiwe lililokuwa na petroli wala dawa, lijazwe maji ya kunywa, liandikwe MACHO kwa makapeni, liende shambani kila siku na mtu asilinywe wala asioshee mashine. Nimeona shamba moja wana maji lita 60 ya kuchanganyia dawa na hakuna hata kikombe cha kuoshea mtu. Yule kijana siku ile alioshwa jicho kwa chai ya rangi ya kwenye chupa. Chai ya rangi! Ilikuwa imepoa, hiyo ndo bahati aliyokuwa nayo.

Asifikiche. Chembe za salfa ukizifikicha zinakwaruza kioo cha jicho. Na msiende duka la dawa kununua dawa yoyote ya matone mnayopewa, hasa ile "ya wekundu", nyingine zina stiroidi ndani, jicho likiwa na kidonda ile dawa inaondoa wekundu mkadhani limepona kumbe kidonda kinachimba. Hospitali ya wilaya wataweka tone la rangi ya chungwa na kummulika na taa ya bluu, penye mkwaruzo panang'aa kijani, wanajua hapohapo. Aende leo, sio Jumatatu, kama anaona ukungu, kama mwanga unamuumiza, au kama maumivu yanaendelea baada ya kuosha vizuri. Kifua vilevile, akibanwa akiwa amekaa tu, akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, midomo ikibadilika rangi, hiyo ni bodaboda na hospitali saa hiyohiyo hata kama ni saa nane ya usiku.

Haya, shambani sasa. Wengi mngependa nianze na barakoa, mimi barakoa naiweka mwisho. Kitu cha kwanza ni saa. Salfa inapulizwa alfajiri wakati umande upo na hewa imetulia, sababu umande ndo unaifanya ishike kwenye maua na majani machanga, hilo wakulima wote wanalijua na kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wamelisema miaka yote. Lakini msimu wa ubwiri unga ndo msimu wa kusi, na kusi haina adabu, jua likipanda kidogo tu upepo unaamka. Wanaoanza saa 11 na nusu alfajiri wakafunga saa mbili wanarudi na nguo zinazoeleweka. Wanaosubiri mafuta ya mashine, wanasubiri chai, wanaanza saa mbili na nusu wanaenda mpaka saa tano, hao ndo unawaona wanarudi wa manjano wote mpaka nyusi. Ukisimama pembeni saa tatu unaona kabisa lile wingu linapita juu ya mti linaondoka zake kama vumbi la basi, linaenda kwa jirani, linaenda njiani, linaenda kwa watoto wa shule.

Na hapo ndo pa kumshikia mjomba. Usiende kumwambia "unamuumiza mdogo wangu", atakuambia mbona sisi tumepuliza tangu miaka ya 90 na tupo. (Jibu la hilo lipo, ila libaki moyoni mwako: waliobaki ndo unawaona, waliobanwa kifua waliacha mapema wakaenda kuuza genge au kuendesha bodaboda, kwa iyo ukihesabu wazee waliobaki kwenye salfa lazima utakuta wazima.) Nenda na habari ya salfa yake. Mwambie mjomba, shikamoo, naona salfa inaondoka na upepo, twende kesho saa tatu ukaangalie mwenyewe. Unga unaoingia kwenye macho ya mdogo wangu ni unga ambao haukuingia kwenye maua yako, na kama ni wa ruzuku au umenunua, mfuko ni mfuko, mwenzio anapata korosho na wewe unapata wingu. Mjomba hatabishana na mfuko. Nimejaribu njia zote, ya sheria, ya huruma, ya dini, na kwa mwenye shamba hii ya salfa inayopotea ndo inayosikilizwa kuliko zote. Alaf atumwe mtu mzima mwenzie aongee naye, bibi yenu au mama, sio wewe kwenye simu.

Cha pili ni mwelekeo. Upepo ukitoka kusini mnaanzia mistari ya kaskazini mnarudi kusini mstari kwa mstari, unga unabaki nyuma yenu kwenye miti mliyokwishamaliza, hamuupiti tena. Mpulizaji asitembee kuufuata unga wake. Ni kitu kidogo lakini nimeshuhudia vijana wanafanya kinyume msimu mzima kwa sababu tu mifuko ilishushwa upande wa barabarani.

Na mjazaji, huyu wetu, ana ufundi wake ambao hakuna anayemfundisha. Mashine izimwe kwanza, ishushwe chini kabisa, sio mwenzie anabaki nayo mgongoni huku yeye anamimina kwa juu kama anajaza mtungi. Mfuko uwe chini, asiupasue mdomo wote, akate kona tu. Atumie kopo, kopo liingie mdomoni mwa tangi ndo linainamishwa polepole, unga usianguke kutoka juu maana umbali wa kuanguka ndo unaotengeneza wingu. Mabonge ayapondeponde mfuko ukiwa bado umefungwa, kwa kuukanyaga taratibu, hii ya kuchekecha salfa kwenye chekeche kama unga wa ugali ikome. Na kitu ambacho hata wataalamu wengine wanakosea: asimame upepo ukija UBAVUNI. Akiupa mgongo anadhani yuko salama, kumbe upepo ukimpita mwili unatengeneza mzunguko wa hewa mbele ya kifua chake, unga unapanda mpaka usoni. Jaribu na moshi wa jiko la mkaa utaona.

Baada ya hayo yote ndo barakoa. Leso ya mama iliyofungwa puani inazuia makubwa tu, laini inapita. Zile za bluu za hospitali zimeacha nafasi mashavuni. Inayofaa kwa vumbi ni ile ngumu yenye mikanda miwili, imeandikwa N95 au FFP2, wauza vifaa vya ujenzi Mtwara mjini na Masasi wanazo, akinunua aangalie mikanda ipo miwili na kuna kibati cha kubinya puani. Ipimwe hivi: aivae, apulize kwa nguvu, akihisi hewa inatoka kwenye kona ya pua haijakaa. Na jioni aigeuze aangalie ndani, akiona mstari wa manjano pembeni ya pua basi siku nzima alikuwa anavuta kwa kupitia hapo. Ndevu zinyolewe, haziendani. Miwani iwe ile iliyoziba pembeni, sio ya jua, ikijaa ukungu aipake sabuni kidogo ya kuoshea vyombo aifute na kitambaa kikavu. Asijipake mafuta usoni kabla ya kazi, unga unagandia. Ila angalizo, barakoa hiyo ni ya vumbi. Siku wakihamia dawa za maji zenye mvuke, au salfa ikishika moto, haizuii kitu.

Na salfa inashika moto jamani, inasahaulika. Mashine inatumia petroli, unga uko hewani, mtu kawasha sigara, au anajaza petroli injini ikiwa bado ya moto. Niliwahi kuitwa shamba moja baada ya tukio kama hilo, mfuko uliwaka kwa mwali wa bluu, jua kali hata huuoni, walichoona ni watu wanaanza kukohoa na kutapika kwa ule moshi. Moshi wa salfa unabana mapafu kuliko unga wake mara nyingi. Ikitokea, kimbieni kuelekea upepo unakotoka, moto mdogo funikeni kwa mchanga taratibu, msirushe maji kwa nguvu maana mnatawanya unga unaowaka.

Sasa mtoto. Hili ndo linaniumiza zaidi kwa sababu yeye hajaajiriwa na mtu. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha California, Berkeley, walitoa utafiti wa watoto zaidi ya 200 wa bonde la Salinas, eneo la kilimo, wakakuta kadiri salfa nyingi inavyotumika ndani ya kilomita moja kutoka nyumbani, ndivyo watoto walivyokuwa na mapafu yenye nguvu ndogo na kutumia dawa za pumu zaidi. Hao ni wa jirani na mashamba tu. Wenu analetewa salfa mpaka chumbani. Kaka akirudi nguo zivuliwe nje, zisikung'utwe, zitumbukizwe moja kwa moja kwenye ndoo yenye maji na sabuni (sabuni lazima, nimeshasema maji matupu inaelea), zifuliwe peke yake, za mtoto zisiguse ndoo hiyo. Kaka aoge kwa sabuni kabla hajambeba mtoto. Ukitaka kujua kama salfa imeingia ndani mwangalie mama kama ana pete au hereni za fedha halisi, zikianza kuwa nyeusi ghafla msimu huu, una jibu.

Kuhusu sheria niseme kidogo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi namba 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bure, sio kukata kwenye posho, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wana ofisi Mtwara wanasikiliza. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, upo tangu 2015, kwa walioajiriwa, na dai lina ukomo wa miezi 12 kwa iyo mwenye kuumia kwenye kampuni au ghala asikae kimya. Ila kaka yako analipwa mkononi na mjomba, hakuna mkataba wala mchango, mimi sitakudanganya kwamba kuna hela inamsubiri huko. Kwake kinga ni ile ya saa 11 na nusu na dumu la macho.

Kwa iyo aache kazi? Kama kuna pumu, ndiyo, kwenye kujaza. Kama hakuna, apumzike mpaka kifua kifunguke, aonwe macho, raundi inayofuata arudi kwa utaratibu huo na wabadilishane na mwenzie asijaze yeye kila siku. Na jambo moja ulilolitaja kwa kupita tu mwishoni mwa ujumbe wako, kwamba mifuko iliyobaki ipo uvunguni mwa kitanda anacholalia mtoto kwa sababu kibandani inaibiwa: itoke leo. Wekeni stoo ya mjomba yenye kufuli, mbali na jiko, mbali na chakula, na mifuko mitupu msianikie makopa.